Wakulima walipoishtaki serikali kwa sababu ya mkataba wa biashara

WAKULIMA wadogo nchini Kenya walipofungua kesi katika Mahakama Kuu mwaka 2007, madai yao hayakuhusu bei ya mazao wala mashamba. Walishtaki kwamba serikali inajadiliana na Umoja wa Ulaya (EU) kuhusu mkataba wa biashara huria, maarufu kama EPA, bila kuwashirikisha wao ambao soko lao lilikuwa likijadiliwa.

Mazungumzo yalikuwa ya haraka. Tangu Mkataba wa Lomé wa 1975, bidhaa nyingi za Afrika ziliingia Ulaya bila ushuru, na Afrika haikulazimika kufungua soko lake. Shirika la Biashara Duniani (WTO) liliruhusu mpango huo hadi Desemba 31, 2007 tu. Baada ya hapo, anayetaka kuuza bila ushuru naye afungue mlango.

Hofu ya mfugaji ilikuwa rahisi kuielewa. Maziwa ya unga kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 60, na mkulima wa Ulaya hulipwa ruzuku na serikali. Ushuru huo ukiondolewa, mwenye ng'ombe wawili atashindana na hazina ya nchi tajiri. Hapo suala linatoka kwenye biashara na kuingia kwenye haki: kupata chakula, kupata riziki, na kujua serikali inaahidi nini kwa niaba ya mwananchi. Kesi ilipokuwa bado mahakamani, Katiba ya 2010 iliandika haki hizo waziwazi. Kifungu cha 43 kinataja haki ya kutokuwa na njaa, na cha 35 haki ya kupata habari.

Oktoba 2013 mahakama ilitoa uamuzi. Haikusimamisha mazungumzo, lakini iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakiwemo waliofungua kesi, na kuupa umma habari. Miaka sita ni mingi kusubiri jibu la namna hiyo. Hata hivyo, si kawaida kwa wakulima wadogo kuibana serikali mahakamani juu ya mkataba wa kimataifa.

Upande wa pili nao una watu wake. Kenya ndiyo pekee kati ya nchi tano za Jumuiya wakati huo ambayo haikuhesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi duniani. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zingeendelea kuuza Ulaya bila ushuru hata bila mkataba. Mkataba ulipochelewa, maua na mboga za Kenya zilitozwa ushuru kuanzia Oktoba 1, 2014 hadi Desemba 25 mwaka huo. Kibarua wa shamba la maua Naivasha naye ana riziki ya kulinda, jambo ambalo wapinzani wa EPA hawakupenda sana kulizungumzia.

Makubaliano ya Oktoba 2014 yaliitaka Jumuiya ifungue asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, kwa hatua za hadi miaka 25. Asilimia 17.4 iliachwa nje ya mpango, zikiwemo bidhaa kadhaa za kilimo. Kelele za wakulima hazikupotea bure, ingawa ni vigumu kupima zilichangia kiasi gani. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, na mkataba wa pamoja ukakwama. Kenya ilitafuta wake, ikatia saini Nairobi Desemba 18, 2023, na ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Tatizo la habari halijaisha kwa kuwa karatasi zimetolewa. Orodha ya ushuru ni ndefu na imejaa namba za forodha. Mfugaji au mfanyabiashara anayetaka kujua bidhaa yake imewekwa wapi aanze na namba hizo: maziwa yamo katika sura ya 4, mboga sura ya 7, nafaka sura ya 10, na mitumba katika namba 6309. Akiwa na namba mkononi, anaweza kumwuliza ofisa wa forodha au wa wizara maswali mawili: ushuru huu unashuka lini, au haushuki kabisa?