Mbio za Mzigo

Kutoka Kibumba hadi mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, barabara ya Rutshuru ni mteremko sehemu kubwa. Mlima wa volkano wa Nyiragongo unabaki mkono wa kulia, Ziwa Kivu liko mbele. Asubuhi ndiyo saa ya chukudu: viazi, kabichi, maharagwe na magunia marefu ya makala ya kupikia vyote vinashuka juu ya ubao wa mkaratusi wenye usukani na magurudumu mawili ya mti. Chombo hakina injini wala pedali, na bado hubeba kilo 400 na zaidi.

Kwenye tambarare, mwenye chukudu huweka goti moja juu ya kipande cha sponji au kandambili kilichopigiliwa kwenye ubao, na mguu wa pili unasukuma. Mlima ukianza, wenzake wanaongeza mabega. Mteremkoni kazi yote ni breki, na breki yenyewe ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu dhidi ya gurudumu la nyuma. Ukikaza mno, mpira unapata moto na kulika kabla hujafika Kanyaruchinya. Ukilegeza mno, shimo la kwanza linakutupa wewe na magunia yako.

Mizani hiyo ya haraka na uangalifu inafanana na ile ya mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola huku mtu anakimbia, ambao shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani. Hesabu yake ni ya haki: alama ulizopata kwenye shabaha zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Mwenye haraka anayekosa shabaha hafiki mbali, na mlengaji hodari anayejivuta vilevile. Goma hauwezi kuwa mchezo. Hapa risasi ikilia, mama anawaita watoto ndani. Wenyeji wameyaona hayo mara nyingi, na tena Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji. Lakini hesabu ile ya alama kwa muda, watu wa chukudu wanaijua bila saa ya mashindano.

Anayeipiga ni mama wa soko la Virunga. Kwanza anatazama jua, kwa sababu mzigo wa mapema una bei na wa mchana unakuta wanunuzi wameshajaza vikapu. Kisha anainamisha gunia atazame chini, mahali viazi vilipogongana. Akikuta vimechubuka, hana haja ya kuuliza kilichotokea njiani: “Papa, leo ulikimbia,” na bei ya kubeba inashuka papo hapo.

Kwa hiyo kijana hafundishwi mbio kwanza. Huanza kwa kusukuma chukudu ya mwingine kwenye vilima, akajifunza kufunga mzigo: kizito chini, kamba imekazwa hadi gunia lisitikisike. Kwa maoni yangu nusu ya kasi inapatikana hapo, kabla gurudumu halijazunguka, maana mzigo uliokaa sawa hauhitaji breki nyingi. Akishapata chombo chake mwenyewe amekuwa mtu wa kuhesabiwa. Kwa wengi chukudu ndiyo iliyolipa karo za watoto na ndiyo iliyowapa uso wa kwenda kuposa.

Chombo hiki kilienea katika enzi za Mobutu, miaka ya 1970, na taabu za mji huu zimekizidishia heshima. Volkano ilipomwaga lava katikati ya mji Januari 2002, mitaa ilibaki mawe makali yanayopasua tairi za pikipiki. Gurudumu la mti lililovishwa ukanda wa mpira halina upepo wa kutoka. Mei 2021, mlima ulipolipuka tena, magodoro na masufuria ya waliokimbia yalipanda chukudu. Tangu mwaka 2009 imesimama sanamu yake ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara mjini, na dereva wa sanamu hiyo amebeba mzigo. Aliyeichonga alielewa.

Basi atakayeandaa mbio za chukudu Goma asishindanishe mbao tupu. Huko atashinda kijana mwepesi tu. Awape kila mmoja magunia ya viazi, aanzishe Kibumba, na mwishoni amwite mama wa soko, sio mwenye saa peke yake, atoe zawadi.