Wakazi wanapojihesabu wenyewe

Kwa miaka mingi Kibera, mtaa wa mabanda ulio kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, ulitajwa kuwa na wakazi milioni moja. Idadi hiyo iliandikwa magazetini na kunukuliwa katika ripoti za wafadhili, bila yeyote kueleza nani alihesabu na lini. Matokeo ya sensa ya Agosti 2009 yalipotangazwa mwaka uliofuata, Kibera ilionekana kuwa na watu 170,070 tu, na mabishano yakazuka.

Karibu na wakati huo, mradi ulioongozwa na mtafiti Mwitaliano Stefano Marras ulihesabu watu mlango kwa mlango katika Kianda, kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera, kisha ukakadiria idadi ya mtaa mzima. Makadirio yakawa kati ya watu 235,000 na 270,000. Hesabu hiyo ilizidi ya sensa kwa zaidi ya theluthi moja, lakini ilikuwa kama robo tu ya ile milioni iliyozoeleka. Hapo ndipo thamani ya takwimu zinazokusanywa mitaani inapoonekana: hazikuja kuunga mkono upande wowote, zilizisahihisha pande zote mbili.

Sensa ya Kenya, kama ya Tanzania, huhesabu watu mahali walipolala usiku uliopangwa. Utaratibu huo hufaa pale nyumba zinapojulikana na mipaka ya maeneo ya kuhesabia ni wazi. Katika mtaa wa mabanda mambo ni mengine. Mlango mmoja wa mabati huweza kufungukia korido yenye vyumba vinane vinavyotazamana, na kila chumba ni kaya. Mlinzi wa usiku yuko lindoni. Mpangaji aliyewakaribisha wadogo zake huweza kuwaficha akihofia mwenye nyumba atapandisha kodi. Karani mgeni akiambiwa hakuna mtu, huenda zake. Jirani asingedanganyika kwa urahisi.

Ujirani huo ndio msingi wa hesabu zinazofanywa na Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mabanda wa Kenya lililoanza mwaka 1996 kupinga bomoabomoa. Mbinu yenyewe ilitangulia kutumika India, ambako mwaka 1985 shirika la SPARC liliwahesabu watu waliokuwa wakiishi kando ya barabara za Mumbai. Kwanza wakazi huitwa mkutanoni wakaelezwa hesabu ni ya nini. Kisha ramani ya mtaa huchorwa, kila banda hupewa namba, na vijana wa hapohapo hupita na dodoso. Hatua ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: matokeo hurudishwa kwa wakazi wayakague. Aliyerukwa hulalamika, na jina la mtu asiyeishi pale hupingwa mbele ya majirani. Sensa rasmi nayo hufuatiwa na tathmini ya kitaalamu, lakini haina baraza la namna hiyo.

Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya lilitoa ilani ya kuwaondoa watu waliojenga kandokando ya reli katika Kibera na Mukuru. Orodha zilizotokana na hesabu za namna hii zilisaidia kuandaa mpango wa kuwahamisha kwa utaratibu. Bila orodha, mkazi wa kando ya reli angekuwa mvamizi asiye na jina.

Dar es Salaam imeonyesha upande mwingine wa kazi hii, nao ni ramani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kuchora nyumba, vichochoro na mitaro katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Baadaye kazi ilishuka hadi kwenye shina, yaani kundi la nyumba lililo chini ya mjumbe mmoja. Mipaka ya shina ilikuwa kichwani mwa mjumbe, basi ikabidi mjumbe mwenyewe aongozane na mwenye simu ya kuchukulia alama, akionyesha wapi eneo lake linaishia. Ofisi ya takwimu inapotenga maeneo ya kuhesabia, maarifa hayo hayana mbadala. Picha ya setilaiti huonyesha paa. Haionyeshi ni familia ngapi ziko chini yake.

Hata hivyo, takwimu za wananchi haziwezi kuchukua nafasi ya sensa. Hukusanywa sehemu chache, kwa maswali yasiyofanana, na anayetarajia msaada ana sababu ya kuongeza idadi. Kishawishi hicho hakiko kwa wananchi peke yao, kwani Kenya ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini katika sensa ileile ya 2009 kwa kuyatilia shaka. Pia orodha ya majina ikiangukia mikono mibaya huweza kuwaumiza haohao iliyokusudiwa kuwalinda.

Sheria nayo inaweza kufungua au kufunga mlango. Tanzania ilirekebisha Sheria ya Takwimu mwaka 2018 na kufanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazodhoofisha zile rasmi. Mwaka 2019 Bunge likaliondoa kosa hilo. Lililobaki ni taratibu za kazi: maana moja ya kaya kwa pande zote mbili, mafunzo kwa vijana wa mitaani, na maelezo ya wazi ya jinsi kila hesabu ilivyofanyika, ili mtakwimu ajue lipi achukue na lipi aache.

Kwa mzunguko wa miaka 10, sensa ijayo ya Kenya ni ya 2029 na ya Tanzania ni ya 2032. Kutenga maeneo ya kuhesabia huanza miaka kadhaa kabla ya makarani kugonga mlango wa kwanza. Wajumbe wa mashina na vikundi vya wakazi waitwe katika hatua hiyo, wasisubiri kuombwa waongoze njia siku ya kuhesabu.