Pikipiki Inayogoma Njiani na Kukubali Karakanani

Hakuna hitilafu ya mtambo imfedheheshayo dereva kama ile ijayo na kuondoka. Pikipiki iliyokufa kabisa haihitaji shahidi. Kila aitazamaye huona kwamba imekufa. Lakini ile inayogoma njiani, kisha ikafikishwa mbele ya fundi na kuwaka mara moja, humwacha mwenyewe akionekana ama mzembe ama mwongo. Mimi nami, nakiri kwa aibu, nilikuwa miongoni mwa waliomhukumu mtu wa namna hiyo.

Mwaka 2019 kikosi chetu kilikuwa katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Ofisi yangu ya uhusiano ilitayarisha tangazo la kuwatahadharisha wananchi kwamba kesho yake kungekuwa na mazoezi ya kulenga shabaha kwa risasi za moto, hivyo wasipeleke mifugo upande ule. Tarishi wetu, koplo mmoja mpole, alikabidhiwa bahasha aifikishe kituo cha redio kabla ya taarifa ya habari ya saa saba mchana. Alifika saa tisa. Asubuhi ya mazoezi watoto wawili walionekana wakichunga mbuzi ukingoni mwa uwanja, na kamanda akaahirisha zoezi zima.

"Afande, pikipiki ilikataa kuwaka," alisema koplo. Ilikuwa mara ya tatu kutoa sababu hiyo katika mwezi mmoja. Karakana ilikwisha kubadilisha betri na plagi, na mota ya stata ilikwisha kufunguliwa na kusafishwa. Sajini wa karakana aliibonyeza stata mbele yangu mara kumi, ikawaka mara kumi. Nikatia saini hati ya mashtaka.

Yafaa ieleweke jinsi umeme unavyosafiri katika pikipiki yenye stata. Hutoka kwenye betri, ukapita fyuzi, swichi ya ufunguo, na ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani. Kitufe cha stata kikibonyezwa, umeme mdogo huiamsha rilei, nayo rilei huufungulia njia umeme mkubwa uendao kwenye mota. Lakini katika pikipiki nyingi za siku hizi umeme huo mdogo haupiti ovyo. Sharti gia iwe huru, nayo taa ya kijani iwe inawaka. Au, kama gia imeingia, sharti mkono wa klachi uwe umeshikwa na stendi ya pembeni iwe imekunjwa. Kila sharti lina swichi yake ndogo na nyaya zake, na vyote hivyo huishi katika vumbi, matope na mtikisiko. Mojawapo ikikatika, stata hukaa kimya kana kwamba betri haipo.

Siku ya kusikiliza shauri nilimuuliza koplo alisimama mahali gani. Alijibu kwamba lori lilikwama katika mteremko likaziba njia, naye akazima injini. "Niliiacha ndani ya gia, afande, isije ikateremka." Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ipasavyo. Baada ya kuhangaika sana aliisukuma hadi tambarare, akatoa gia, ikawaka. Yeye akadhani ilikuwa imepumzika.

Sajini alinyamaza kidogo. Karakanani pikipiki ile haikuwahi kujaribiwa ila juu ya sakafu ya saruji, gia ikiwa huru. Tukaitoa nje hadi kwenye mteremko wa nyuma ya jiko, tukaingiza gia ya kwanza, tukashika klachi. Kimya. Tukashika tena kwa nguvu zaidi, ikawaka. Mara ya tatu, kimya. Sajini alichomoa nyaya mbili za swichi ya klachi akaziunganisha kwa kipande cha waya, na kuanzia hapo haikugoma tena. Mkono wa klachi ulikuwa umebadilishwa baada ya ajali ndogo miezi kadhaa nyuma, na ule mpya haukufanana sawasawa na wa zamani: ncha yake iligusa kijino cha swichi siku nyingine, na siku nyingine haikukifikia.

Kwa wenzetu wa bodaboda, ambao pikipiki zao nyingi zina kiki, uchunguzi ni rahisi zaidi. Stata ikikaa kimya lakini kiki ikawasha, basi cheche ipo. Tafuta kasoro upande wa kitufe, klachi, gia au rilei. Vyote viwili vikishindwa, anza na ufunguo na swichi nyekundu, kisha stendi. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, ikiwa hivyo na mota ikazunguka vyema kila inapokubali, usiharakishe kununua nyingine. Washa ufunguo, geuza usukani kulia na kushoto huku ukizitazama taa. Zikipepesa, waya umekatika ndani ya ganda lake pale shingoni, mahali unapokunjwa kila siku. Na wanaoosha pikipiki kwa mashine za maji ya nguvu wasielekeze mpira kwenye swichi. Maji yakiingia humo huleta kutu.

Kile kipande cha waya ni cha kupimia tu, na kabla ya kukitumia toa gia kwanza au inua gurudumu la nyuma, maana pikipiki yaweza kuruka mbele. Nimewaona wengi waliofunga moja kwa moja nyaya za stendi ili wasisumbuliwe. Stendi iliyosahauliwa chini huchoma ardhi dereva anapopinda kushoto, naye akatupwa.

Swichi ya koplo ilikuwa nzima. Mkono ndio uliobadilishwa. Hati ya mashtaka nikaiandikia "imefutwa" nikatia saini. Koplo hakuomba fidia yoyote, ila alimsihi sajini aandike mstari mmoja katika daftari la pikipiki ile, nao ungalimo: "Ijaribiwe pia ikiwa ndani ya gia."