Gunia la Ji Bai

Wenzangu huniuliza kwa nini kila niingiapo maktaba nachukua kitabu kile kile. Basi nimeona vema niwaeleze, na ninyi pia wakubwa wetu mliokwisha kumaliza masomo hapa.

Kitabu chaitwa The Gunny Sack, yaani Gunia, kilichotolewa mwaka 1989. Mtungaji wake, Bwana M. G. Vassanji, ni Mhindi wa kwetu Afrika ya Mashariki: alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada.

Salim anarithi gunia kuukuu la Ji Bai, bibi wa ukoo wao. Dhahabu hamna, mna vikorokoro tu, lakini kila kimoja kina habari yake. Habari kubwa ni ya Dhanji Govindji, babu yao aliyetoka Uhindi akawa na duka pwani. Alizaa mtoto, Huseni, na mtumwa aliyeitwa Bibi Taratibu. Huseni akapotea. Babaye alimtafuta miaka mingi, akamaliza fedha zake, hata na za jamaa alizowekewa amana, mwisho akauawa. Alikosa kugusa amana, lakini mimi simcheki.

Simcheki kwa kuwa sisi tu watu wa Vamizi, kisiwa cha Cabo Delgado, Msumbiji. Tufani ya Kenneth ilipiga pwani ile mwezi wa Aprili 2019. Mwaka uliofuata vita vilivyoanza 2017 vikafika kisiwani, nasi tukatoka kwa mashua usiku. Mama alijaza gunia moja: sufuria, kanga, kipande cha wavu, na ufunguo wa nyumba. Nikamwuliza, "Mama, ufunguo wa nini, na mlango umeungua?" Akanijibu, "Wewe beba tu."

Kaka yangu hakufika mashuani. Nyumbani hatumtaji.

Hapo ndipo kitabu hiki kiliponishika. Bwana Vassanji hasemi kuwa kilichopotea kitarudi, wala kuwa uchungu huisha. Analifungua gunia, akatoa mambo ya fahari na ya aibu pamoja, hata yale ambayo ukoo ulipenda yakae kimya, na kila mtu akampa jina lake.

Baba hushuka ufukoni Mtwara kila Jumapili kuwauliza manahodha watokao kusini. Likizo iliyopita nilikwenda naye. Nahodha mmoja alipotuuliza twamtafuta nani, baba alinyamaza, nikamtaja mimi.