Fidia si lazima itokane na hatia

Kiboko akitoka mtoni usiku akafyeka mahindi ya mkulima wa Ndera, kaunti ya Tana River, nani mwenye kosa? Kiboko hashtakiki. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) halikumtuma. Mkulima naye amelima ukingoni kwa kuwa ndiko kwenye maji na rutuba. Hatia haina wa kuibeba, ila hasara ipo, na nyumba ile italala njaa.

Mbona basi tuzungumzie fidia? Wengi wetu hudhani ati anayelipa fidia amekiri hatia. Sivyo. Hatia hufuata tendo baya la mtu. Dhima ni deni linalokukalia hata kama hukutenda baya lolote. (Wanafunzi wetu wanaijua "dhima ya fasihi" tu, yaani kazi yake, maana hii nyingine ni ya kale zaidi.) Na fidia? Waulize Waislamu wa Tana. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani kwa ukongwe hutoa fidia, akamlisha maskini kwa kila siku iliyompita. Hana dhambi hata chembe. Aliyevunja kiapo, huyo hutoa kafara. Maneno mawili, malipo mawili tofauti.

Sheria ya Wanyamapori iliyotungwa 2013 imelitumia wazo hilo vizuri. Kifungu cha 25 kinataja shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa na mnyama kama mamba, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Mazao hulipwa kwa bei ya soko. Mdai hahitaji kuthibitisha kwamba serikali ilizembea.

Hebu soma mbele kidogo, hata hivyo. Mazao hayalipwi ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua zinazofaa kuyalinda. Yaani hatia tuliyomwondolea mlipaji, sasa tunamtafutia mdai! Mimi sioni haki hapo. Kiboko mzima hupita kilo 1,000. Hatua zinazofaa ni zipi kwa mwenye jembe na panga? Ua wa miiba ataupitia. Kukesha shambani ukipiga debe kunafukuza viboko, lakini kunakuweka gizani karibu na mamba. Na akiliwa huko, jamaa zake watadai zile milioni 5 bila kuulizwa swali hilo, kwani sharti la kujilinda limewekewa mali, si maisha.