Pikipiki ya Mkononi: Ikague Kabla Hujampakia Mwenzio

Foleni imekuchosha, mshahara haujafikia gari, na tayari umeshamwahidi mwenzi wako kwamba mtakuwa mnatoka na pikipiki ya cc 250 uliyoiona inauzwa mtaani. Safi sana! Ila kumbuka, kiti cha nyuma atakaa mtu unayempenda.

Kwanza, ikalie. Kama nyayo zako hazikanyagi chini sawasawa, achana nayo hata kama rangi yake inatamanisha. Mgeni wa pikipiki anaweza kuiangusha akiwa amesimama tu.

Pili, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto, jiulize anaficha nini. Ikiwaka, tazama ekzosi: moshi wa bluu maana yake inakula oili. Pembeni mwa tairi soma tarakimu nne za tarehe. 2319 ni tairi la wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira wa zamani hukakamaa na kuteleza hata kama kashata zake bado ndefu. Mwisho, linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi.

Usimpe muuzaji hela yote uliyonayo. Bakiza ya oili mpya, matairi na helmeti mbili, siyo moja! Kila wiki pima upepo. Kila kilomita 500 hivi safisha cheni na uipake mafuta.

Mwezi wa kwanza endesha peke yako. Mwenzio akiona unafunga breki bila papara, atapanda mwenyewe bila kubembelezwa.