Kilometa 45 kwa siku nzima: kutoka Butembo mpaka Lubero



Kwa desturi, sisi wa gazeti hili tukienda Lubero tunakwenda mbio. Tunapanda jipu mapema, tunafunga vioo juu ya vumbi, tunafika, tunafanya mkutano, tunarudi. Barabara tunaisikia mgongoni tu. Safari hii tulifanya namna nyingine. Mkutano ulikuwa kesho yake, basi tulimwambia shofere: leo hatuna haraka, popote tutakapoona kitu, simama. Alituangalia kama watu wenye kichwa kibovu, lakini alikubali.

Tulitoka Butembo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala katika mabonde, na vilima vilitokeza juu yake kama visiwa ndani ya ziwa. Chukudu zilikuwa zinashuka kuelekea mjini, zimebeba kabichi, makala na magunia ya viazi vya kizungu. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine anautumia kama freni, na kwenye mteremko hakuna anayetaka kusimama mbele yake. Kupanda ni habari nyingine. Pale tulikuta vijana watatu wanasukuma chukudu moja, jasho linawatoka pamoja na baridi yote ile.

Ukienda polepole unaona jinsi shamba linavyobadilika kadiri unavyopanda. Karibu na Butembo kuna migomba mingi nyuma ya kila nyumba. Kisha migomba inapungua, inakuwa mifupi, na mahali pake panakuja viazi, puaro, maharagi, karoti, na mikalitusi kwenye vichwa vya vilima. Tena, kati ya miji hii miwili tunavuka ikweta: Butembo iko upande wa kaskazini, Lubero upande wa kusini. Wengi wetu tumeivuka mara mia bila kujua. Lakini mkulima anaijua kwa njia yake. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, na mvua kubwa zinakuja kulifuata. Ndiyo sababu tunalima misimu miwili. Ndiyo sababu pia udongo wetu unapigwa na maji mara mbili kwa mwaka.

Baada ya Musienene, shofere alisimama bila sisi kumwomba. Mbele yetu kulikuwa na kamio imelala upande mmoja, matope yamefika katikati ya gurudumu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Konvwayeri walikuwa wanachimba na majembe waliyoazima kwa wenyeji, na juu ya mzigo walikaa mama wanne. Tukauliza: muko hapa tangu lini?

"Tangu jana saa tisa," alijibu mmoja. "Viazi si neno, itavumilia. Ni puaro njo inanitia roho mbaya. Angalia."

Akafungua gunia. Majani ya juu yalikuwa yameanza kuwa ya manjano, na katikati, pale yalipobanana, yalikuwa yamepata moto. Ukiingiza mkono unausikia. Alikuwa na magunia matano, na mawili hayakuwa yake, yalikuwa ya majirani waliomwamini awauzie mjini. Mnunuzi wa Butembo, alisema, haulizi barabara ilikuwa namna gani. Anatazama majani na kutaja nusu ya bei.

Hapa ndipo kutokuwa na haraka kulitusaidia. Siku nyingine tungepita pembeni, tungewapungia mkono na kusema pole. Safari hii tulishuka, tukafuata maji kujua yalitoka wapi.

Tulipanda kilima kwa miguu karibu nusu saa. Njia ya maji ilikuwa wazi kabisa, mtu hahitaji kusomea kitu. Juu kulikuwa na shamba la viazi lililolimwa vizuri, bila magugu, lakini mistari yote ilitoka juu kwenda chini. Kila mfereji kati ya mistari miwili ulikuwa umekuwa bomba. Mabomba yale yote yalikutana kwenye kijia cha watu, kijia kikawa kijito, na kijito kikaangukia barabarani mahali penyewe kamio ilipolala. Mfereji wa pembeni ya barabara ulikuwa umejaa udongo mweusi mzuri. Udongo ule ule wa juu, ambao mtu amenunulia mbegu na kuwekea samadi.

Mwenye shamba, mzee mmoja mpole, alitupokea bila hasira. Tulimuuliza kwa nini anapanda hivyo. Alisema kulima kwa kufuata mteremko ni rahisi kwa mgongo, na viazi haipendi maji kusimama katika mizizi. Hilo la pili ni kweli: maji yakisimama, viazi vinaoza na mildiyu inapata nafasi. Kisha akatuonyesha mawe yaliyotokea katikati ya shamba. "Wakati wa baba yangu, hii mawe haikukuwako," alisema. Hayakupandwa na mtu. Udongo ndio ulioondoka.

Tukashuka tena, tukidhani tumemaliza kujua mambo. Lakini chini ya barabara mama mmoja alituita. Alikuwa ametuona tunapanda, na alitaka tusikie upande wake pia. Maji yakishavuka barabara yanaingia katika dalo, na dalo linamwaga yote katika shamba lake la maharagi. Korongo limekata shamba vipande viwili, mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama ndani na usimwone. Mwaka uliopita alileta majani na matawi akaziba mdomo wa dalo. Maji yakarudi barabarani, barabara ikakatika, na watu wa salongo wakaja kumgombeza. "Bo wanasema naharibu barabara," alituambia. "Na barabara inaniharibia nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Sisi wenyewe tumeandika katika kurasa hizi, mara nyingi, kwamba wenye mashamba ya pembeni wasizibe dalo. Hatukuwahi kuandika maji ya dalo yaende wapi.

Tuliendelea na njia. Mbele kidogo tuliona kilima cha namna nyingine: mistari ya matete imezunguka mlima kama mishipi, na kati yake viazi vimepandwa kwa kulala, si kwa kusimama. Hapo tulikaa muda mrefu. Kijana na mke wake walitueleza walivyofanya. Walifunga miti mitatu kwa umbo la A, miguu miwili ya urefu mmoja, na katikati juu wakaning'iniza kamba yenye jiwe. Kwanza unasimamisha kipimo, unatia alama pale kamba inapogusa mti wa katikati. Kisha unageuza, mguu wa kulia unakuja mahali pa kushoto, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nacho shambani mguu kwa mguu: kamba ikikaa katikati, miguu yote miwili iko sawasawa, unapiga kijiti. Vijiti vinakuonyesha mstari wa kuchimba. Wao walitupa udongo upande wa juu wa mfereji na kupanda matete juu yake. Huko Kenya namna hiyo wanaiita "fanya juu", na jina linatosha kueleza kazi. Mvua baada ya mvua udongo unakwama nyuma ya ukingo, na shamba linaanza kuwa ngazi.

Tuliuliza matete yamekula ardhi kiasi gani. Mke alicheka. "Ni hilo njo tuligombana nalo mwaka wa kwanza!" Shamba lao ni dogo, na kila mstari ulikuwa ni viazi visivyopandwa. Kilichowatuliza ni kobayi na mbuzi wawili wanaokula matete yale, na samadi inayorudi shambani. Walituonya pia kwamba pale mlima unaposimama sana, kwenye udongo unaoteleza, hawakuchimba kitu. Maji yakijaa katika mfereji mahali kama pale yanaweza kuangusha kilima chote. Waliacha miti.

Tulifika Lubero jua likizama, baridi imeshaanza kuuma. Tulikula maharagi na viazi vya moto karibu na mbabula, tukalala mapema.

Kesho yake katika mkutano wa koperative ajenda ilikuwa mbegu. Tuliomba dakika kumi kueleza tuliyoyaona, zikawa saa mbili. Wengine walisema barabara ni kazi ya serikali, wao wanalipa peaje tayari. Wengine walisema mwenye shamba la juu alazimishwe. Mama mmoja alisimama akauliza nani atamlisha yule mzee mwaka ambao mistari ya matete itakula ardhi yake. Palikuwa kimya kidogo. Mwishoni walikubaliana mambo mawili tu: salongo ya mwezi ujao itafanyika juu ya kilima, katika shamba la mzee, wala si barabarani, na matete ya kupanda yatatoka kwa wanamemba waliokwisha kupata. Juu ya dalo na shamba la yule mama hawakukubaliana. Tumeahidi kurudi na fundi wa barabara aangalie kama maji yanaweza kugawanywa yatoke mahali patatu au pane penye majani, badala ya mahali pamoja.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha tena, na tulikuta bariere ya mvua imefungwa. Hakuna gari linalopita mpaka barabara ikauke. Kamio zilijipanga nyuma yetu, chukudu zikatupita moja moja pembeni, wenyewe wakicheka. Tulikaa pale saa nne. Shofere alizima motere, akajifunika koti, kisha akatugeukia.

"Leo muko na haraka, ao tusimame tena kidogo?"